Nani Anakula Nyasi? Binadamu na Savana ya Afrika Mashariki

Mwaka 1887 ng'ombe walioletwa kulisha wanajeshi wa Italia walishushwa katika bandari ya Massawa, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Hivyo ndivyo wanahistoria wengi wanavyoeleza jinsi sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, ilivyoingia katika Pembe ya Afrika. Mifugo ya Ethiopia haikuwa na kinga yoyote dhidi ya ugonjwa huo. Kufikia 1891 sotoka ilikuwa imeshapita katika nchi ya Wamaasai, na kufikia 1896 ilikuwa imevuka mto Zambezi kuelekea kusini. Katika sehemu nyingi ilipopita, ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Nyati walikufa, nyumbu walikufa, twiga walikufa.

Mtu akiulizwa leo binadamu ameifanyia nini savana, haelekei kuwataja ng'ombe wale wa Massawa. Atataja anachokiona: shoka la mchoma mkaa, jembe la mkulima, kundi la ng'ombe lililokwangua ardhi ikabaki vumbi. Yote hayo yapo na yana uzito wake. Lakini savana ya Afrika Mashariki imebadilishwa zaidi na mikono isiyoonekana, mingine ikiwa mbali kabisa na nyika yenyewe, na mara nyingi lawama zimemwangukia yule aliyekutwa amesimama hapo. Hoja ya makala haya ni kwamba anayetaka kuujua mkono wa binadamu katika savana inampasa aufuatilie kwenye nyasi: nani anazila, nani anazichoma, na nani ameamua kwamba zisiliwe.

Savana ni nchi ambamo nyasi na miti huishi pamoja bila kimoja kukimaliza kingine. Mvua peke yake haielezi hali hiyo. Ziko sehemu zinazopata mvua ya kutosha kuotesha msitu, na bado msitu haupo, kwa sababu nyasi zikikauka huungua, na moto huua miche kabla haijazidi kimo cha miali. Nyasi zikiliwa zikabaki fupi, moto hukosa cha kuchoma na miche hupona. Tembo naye huangusha miti ambayo moto umeshindwa kuiua. Kwa hiyo anayebadilisha idadi ya wala nyasi, au majira ya moto, au idadi ya tembo, amebadilisha miti ya nchi nzima hata kama hajawahi kushika panga.

Serengeti ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann, raia wa Austria, alipita Ngorongoro na Serengeti akakuta Wamaasai wamebaki mifupa, wakitafuna ngozi na hata pembe za ng'ombe waliokufa. Ndui na homa ya mapafu ya ng'ombe zilikuwa zimekuja sambamba na sotoka. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, maangamizi. Wakoloni waliofika baada ya hapo walikuta nchi pana yenye watu wachache na mifugo michache, wakaichukulia kuwa nyika ya asili isiyoguswa na binadamu. Ilikuwa nchi iliyotoka msibani, na sera nyingi za uhifadhi zilizofuata zilijengwa juu ya kosa hilo.

Sotoka haikuondoka. Ilibaki kwa ng'ombe na kuwaambukiza nyumbu mwaka baada ya mwaka, ikiua zaidi ndama ambao kinga waliyoipata katika maziwa ya mama ilikuwa imekwisha. Mtaalamu wa wanyama Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipohesabu wanyama kutoka kwenye ndege ndogo mwaka 1958, walipata nyumbu 99,481. Hesabu ya 1961 ilitoa zaidi ya 200,000. Michael alifariki katika ajali ya ndege Januari 1959, akiwa bado katika kazi hiyo, na kitabu na filamu yao kuhusu Serengeti vikalifanya jina la hifadhi lijulikane dunia nzima. Mwaka huohuo Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi waliondolewa na kupelekwa Ngorongoro.

Wakati macho ya dunia yakiwa kwa Grzimek, kazi iliyoibadilisha Serengeti ilikuwa inafanywa na matabibu wa mifugo. Katika maabara ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyo salama, ya bei nafuu, yenye kumkinga ng'ombe maisha yake yote. Chanjo hiyo ikaja kutumika katika bara zima na kwingineko. Kampeni za chanjo za miaka ya 1950 na 1960 ziliwafikia ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi. Nyumbu hawakuchanjwa. Hata hivyo, kufikia 1963 virusi vilikuwa vimetoweka miongoni mwao, kwani chimbuko lake lilikuwa ng'ombe, na kufikia 1977 nyumbu walikuwa wamefika milioni 1.3.

Midomo milioni moja ya nyongeza ikala nyasi ambazo zamani ziliungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 moto uliweza kupita karibu asilimia 80 ya Serengeti katika mwaka mmoja. Miaka 20 baadaye eneo hilo lilikuwa limepungua kwa zaidi ya nusu. Miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua. Twiga wakaongezeka, simba na fisi wakaongezeka. Mwaka 2009 Ricardo Holdo, Anthony Sinclair na wenzao walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba mabadiliko hayo yaliigeuza Serengeti kutoka nchi inayotoa kaboni kwenda hewani ikawa nchi inayoihifadhi katika miti yake. Sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji wa Kikurya, Kisukuma au Kimaasai ilikuwa imepanda miti. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kumalizwa na binadamu. Wageni wanaofika Serengeti hawakosi kusimuliwa habari za Grzimek; wafugaji waliopanga foleni na ng'ombe wao mbele ya mchanjaji wanastahili kusimuliwa pia.

Mkono wa binadamu haukuanzia Massawa, bila shaka. Mwaka 2018 mwanaakiolojia Fiona Marshall na wenzake walichapisha utafiti wa maboma ya kale ya wafugaji kusini magharibi mwa Kenya, katika eneo la Narok. Maboma hayo yaliachwa kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Samadi ya mifugo iliyolala humo usiku baada ya usiku iliacha fosforasi, magnesi, kalsi na naitrojeni ambazo bado zinapimika katika udongo leo, ilhali ardhi inayozunguka ni hafifu. Mahali hapo pamebaki viwanja vya nyasi tamu, na wanyamapori wanapafuata kwa sababu ya utamu huo. Mtalii anaposimamisha gari kutazama swala waliokusanyika kwenye uwanda wa kijani, huenda anatazama ua la mtu aliyekamua ng'ombe wake hapo kabla Kristo hajazaliwa.

Utafiti huo unapaswa kuwatuliza wanaodhani kwamba ng'ombe na wanyamapori ni maadui wa kuzaliwa. Kwa miaka elfu tatu na zaidi wafugaji walihama, wakaacha rutuba nyuma yao, wakachoma nyasi kwa majira waliyoyajua. Moto wa mapema, unaowashwa nyasi zikiwa hazijakauka sana, huzimika wenyewe usiku na kuacha viraka. Moto wa mwisho wa kiangazi hula kila kitu. Serikali za kikoloni zilipopiga marufuku uchomaji wa wenyeji, mara nyingi zilichopata ni moto wa aina ya pili.

Kati na kusini mwa Tanganyika janga la miaka ya 1890 lilizaa sura tofauti na ya Serengeti. Huko watu waliishi kwa kulima, kufuga na kusafisha vichaka kuzunguka vijiji. Sotoka iliua ng'ombe, njaa na ndui vikaua watu, kisha vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vikafuata. Jeshi la Wajerumani lilichoma vyakula na vijiji. Wanahistoria wanakadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Mashamba yakaachwa. Vichaka vikarudi, wanyamapori wakarudi, na pamoja nao mbung'o, inzi anayebeba malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. John Ford katika kitabu chake cha 1971 na Helge Kjekshus mwaka 1977 walieleza jambo ambalo watawala hawakutaka kulisikia: kabla ya ukoloni wenyeji walikuwa wakimdhibiti mbung'o kwa makazi, malisho na moto wao, na udhibiti huo ulivunjwa. Serikali ya Waingereza ilijibu malale kwa kuwahamisha watu. Katika miaka ya 1940 wakazi wa sehemu za Liwale waliondolewa, na ardhi yao ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Sehemu kubwa ya pori hilo ndiyo tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Ni hifadhi nzuri mno. Chini ya miombo yake yamelala mashamba ya watu.

Shinyanga ilipewa dawa nyingine ya ugonjwa huohuo. Idara ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton ilikuwa na makao yake huko, na tiba iliyopendekezwa ilikuwa kukata miti. Kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1940 Wasukuma walihamasishwa, na wengi wakaamriwa, kufyeka vichaka na misitu ya migunga na miombo. Mbung'o alirudi nyuma kweli, na ng'ombe wakaongezeka. Kisha pamba ikaja. Bei nzuri baada ya Vita Kuu ya Pili ilisukuma mashamba mbele kuliko mbung'o alivyowahi kuyazuia. Wenyeji walikuwa na desturi ya kutenga ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Katika miaka ya 1970 familia zilihamishiwa katika vijiji vipya, mbali na ngitili zao, na nyingi zikabaki bila mwenyewe wa kuzitunza. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa unatajwa kama jangwa la Tanzania. Akina mama walitembea saa nyingi kutafuta kuni. Wengine walipikia samadi iliyokauka, na mashamba yakakosa mbolea.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Miaka ya mwanzo mabwana misitu walikuja na miche ya kigeni na mipango yao, na matokeo yakawa haba. Mambo yalibadilika walipowasikiliza wanavijiji, ambao hawakuomba miche. Waliomba ngitili zao. Ardhi ilifungwa tu, na visiki ambavyo mizizi yake ilikuwa hai chini vikachipua vyenyewe. Sheria zilitungwa katika dagashida, mkutano wa kimila wa Wasukuma, na walinzi wakawa sungusungu. Aliyeingiza ng'ombe wakati ngitili imefungwa alitozwa faini mbele ya jirani zake. Mradi ulipoanza, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Watafiti walihesabu ndani yake aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na ndege wa aina 145. Thamani ya kuni, asali, nyasi za kuezekea, dawa na malisho ilikadiriwa kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, ilhali matumizi ya wastani ya mtu vijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50.

Si kila mtu alipata sawa. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alitenga ngitili kubwa na kuvuna zaidi, na familia zisizo na ardhi zilitegemea ngitili za kijiji peke yake. Suala hilo halijapata jibu hadi leo, na lazima litajwe na yeyote anayeisifu Shinyanga. Lakini hakuna mahali pengine nchini ambapo savana iliyoharibiwa imerudishwa kwa ukubwa ule, na kilichoirudisha ni wafugaji kupewa tena mamlaka ya kusema ng'ombe wasile lini.

Tembo anahitaji kuzungumziwa peke yake. Karne ya 19 misafara ya pembe ilitoka Bagamoyo na pwani yote hadi ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, ndiye aliyejulikana kuliko wafanyabiashara wote hao, na Unguja ilikuwa soko kuu. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilikwenda Connecticut, Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton, ikachongwa kuwa vibonye vya piano. Sebule za Boston zilikuwa zinapunguza tembo wa Ugogo na Manyema, na tembo wakipungua vichaka hufunga.

Tsavo, nchini Kenya, ilionyesha pande zote mbili ndani ya maisha ya mtu mmoja. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1948 katika nchi ya vichaka vizito, ambamo Wawaata waliwinda tembo kwa upinde mzito na mishale ya sumu. Katikati ya miaka ya 1950 operesheni ya kupambana na ujangili iliwakamata wengi na kuukomesha uwindaji huo. Tembo wakajazana, wakaangusha miti, moto ukaingia, na sehemu kubwa ikageuka uwanda wa nyasi. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu yao. Kisha majangili wenye bunduki wakaja, safari hii kwa ajili ya masoko ya Asia, na vichaka vikarudi. Kenya nzima ilikuwa na tembo wapatao 167,000 mwaka 1973. Mwaka 1989, biashara ya kimataifa ya pembe ilipopigwa marufuku, walikuwa wamebaki kama 16,000. Tanzania ilipata pigo lake baadaye: tembo kama 109,000 mwaka 2009, na 43,000 tu katika sensa ya 2014. Wawaata walichukua tembo kwa kiasi ambacho nyika ilikizoea. Waliowafunga waliamini wanaiokoa nyika.

Kuhusu mkaa hapana haja ya maneno mengi, kwa kuwa kila msomaji wa mjini anaujua kutoka jikoni kwake. Tanuru liko porini, lakini moto wa mwisho unawaka Dar es Salaam. Mkakati wa Tanzania wa 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo likifikiwa litaokoa miombo mingi kuliko doria yoyote ya barabarani ya kukamata magunia kwenye baiskeli.

Kitu kinachoiua savana kwa haraka zaidi leo ni kukatwakatwa. Nyika ya mvua haba huishi kwa mwendo: mvua hunyesha hapa wiki hii, kule wiki ijayo, na wala nyasi, wawe nyumbu au ng'ombe, huzifuata. Kipande kidogo kilichozungushiwa waya, hata kiwe na rutuba namna gani, hakiwezi kumlisha mnyama mwaka mzima.

Mara, upande wa Kenya, inaonyesha hilo kwa uchungu. Nyumbu wa nyanda za Loita, ambao si wale wa Serengeti bali kundi lenye uhamaji wake, walikuwa kama 119,000 mwaka 1977. Mwaka 1997 walibaki kama 22,000. Uwanda waliokuwa wakizalia ulikuwa umegeuzwa mashamba makubwa ya ngano yanayolimwa kwa trekta, kwa mikataba kati ya makampuni na wenye ardhi wachache. Mwaka 2001 Katherine Homewood, Eric Lambin na wenzao walilinganisha pande mbili za mpaka. Wamaasai ni walewale, ongezeko la watu linafanana, mifugo ni ileile. Upande wa Tanzania nyumbu na uoto havikuporomoka namna hiyo. Tofauti waliyoiona ilikuwa umiliki wa ardhi, soko na kilimo cha mashine. Sheria ya Kenya ya 1968 ilikuwa imeunda ranchi za vikundi, na baadaye ranchi hizo zikagawanywa vipande vya watu binafsi. Mwenye kipande akakodisha, akauza au akafunga uzio. Kusini mwa Nairobi, katika nyanda za Athi na Kaputiei, hadithi ni hiyohiyo kwa kasi kubwa zaidi: nyumbu waliohamia humo kwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970 wamebaki elfu chache, na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya tangu 1946, inabanwa na mabati na waya.

Utafiti huo wa 2001 ungepaswa kufundishwa katika kila chuo cha maliasili cha kanda hii. Unavunja imani iliyozoeleka kwamba wafugaji wakiongezeka, wanyamapori lazima waishe.

Imani hiyo ina gharama. Mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo umekuwa ukikauka mara kwa mara. Ng'ombe waliokuwa katika mbuga za Usangu, karibu na ardhioevu ya Ihefu, walionekana kwa macho, na mwaka 2006 na 2007 wafugaji wa Kisukuma, Kibarabaig na wengineo waliondolewa pamoja na mifugo yao. Wengi walisukumwa kuelekea Lindi na kwingineko. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na hifadhi. Watafiti wa maji walikuwa wameshaeleza kwamba mto unakaushwa hasa na mifereji inayochukua maji ya kiangazi kwenda kwenye mashamba ya mpunga, madogo na makubwa, yaliyoongezeka kwa misaada na mikopo ya umwagiliaji. Ng'ombe waliondoka. Mto uliendelea kukauka.

Na mikono mirefu haijaisha. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, kuna migunga mifupi yenye vinundu vyeusi ambavyo hupiga mluzi upepo unapovuma. Ndani ya vinundu huishi sisimizi wadogo wa kienyeji wanaoulinda mti: tembo akiugusa, wanaingia katika mkonga wake na kumuuma, naye anauacha. Miaka kama 20 iliyopita waliingia Laikipia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wanaosafirishwa na bidhaa za binadamu kutoka bandari hadi bandari. Wakawaua walinzi. Mwaka 2024 mtafiti Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walionyesha kilichofuata. Tembo wanavunja miti iliyopoteza walinzi mara tano hadi saba zaidi. Miti ikipungua, pundamilia wanaona mbali. Wakiona mbali, simba wanakosa mahali pa kuvizia. Pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003; mwaka 2020 walikuwa asilimia 42, na simba wamegeukia nyati, mnyama mkubwa mwenye hasira, ambaye zamani hawakumgusa. Hakuna mtu aliyekusudia hata hatua moja ya mambo hayo.

Upandaji miti, kinyume chake, unakusudiwa, na kwa nia njema, ndiyo maana unahitaji kusemwa bila woga. Mpango wa AFR100, uliozinduliwa mwaka 2015, unalenga kurudisha uoto katika hekta milioni 100 za Afrika ifikapo 2030. Mwaka 2024 mtafiti Catherine Parr na wenzake walionya kwamba katika ahadi za nchi mbalimbali, eneo la ukubwa wa Ufaransa lililoandikishwa kwa ajili ya miti si msitu ulioharibiwa hata kidogo. Ni savana na mbuga za nyasi zilizo hai. Mkaratusi au msindano ukipandwa juu ya nyasi hunywa maji, huua malisho na kuwafukuza wanyama wa uwandani, huku ripoti ikisema nchi imekuwa ya kijani. Serengeti na Shinyanga zilipata miti yao bila kupandiwa. Zilichohitaji ni nyasi kuliwa na kupumzishwa kwa utaratibu unaofaa, kazi ambayo haina picha ya waziri ameshika mche.

Huko Mara, Kenya, kumekuwa na jaribio la kuunganisha vipande tena. Tangu katikati ya miaka ya 2000 wenye ardhi wa Olare Orok, Naboisho na kwingineko wameweka mashamba yao pamoja, wakilipwa kodi na makampuni ya utalii ili wasifunge uzio na wasilime. Ng'ombe huingia kwa zamu. Wanyama wamerudi katika maeneo hayo. Udhaifu wa mpango huo ulionekana mwaka 2020, korona ilipokata utalii na kodi zikatetereka: malisho yanayotegemea kitanda cha mgeni yana mlezi mmoja tu.

Kiteto, mkoani Manyara, wamechagua njia nyingine. Huko vijiji jirani, vikiwemo Lerug, Ngapapa na Olkitikiti, viliona kwamba mpaka wa kijiji unakata malisho ambayo mvua haiyakati, vikakubaliana kupanga matumizi ya ardhi kwa pamoja na kutenga nyanda moja ya malisho yenye maelfu ya hekta, inayoitwa OLENGAPA. Wafugaji wa vijiji hivyo waliandikishwa katika chama kimoja, na ardhi ikaombewa hati za hakimiliki ya kimila kwa jina la kikundi, ili asitokee mtu wa kuuza kipande chake. Kiteto ni wilaya ambayo wakulima na wafugaji wameuana kwa sababu ya mipaka. Kwa hiyo kazi kubwa iliyobaki si ya ikolojia: ni kuweka alama za mipaka zionekane, kulipia upimaji, na kuhakikisha halmashauri haimpi mgeni shamba katikati ya nyasi ambazo vijiji vimekwisha kukubaliana nani azile na lini.